Kifini katika Kinywa cha Mwarabu: Ugumu Uko Wapi Hasa

Mwaka 2015 watu zaidi ya 32,000 waliingia Ufini kuomba hifadhi, na karibu theluthi mbili yao walikuwa Wairaki. Wengi waliipita Ulaya nzima kutoka kusini hadi kaskazini, kisha wakavuka mpaka wa Uswidi pale Tornio, mji mdogo ulioko mahali ambapo mto unaozigawa nchi hizo mbili unaingia baharini. Baadhi yao walikataliwa, na baadhi walirudi kwao wenyewe. Waliobaki waliwakuta Wairaki waliokuwapo tangu miaka ya 1990, wakaungana pia na Wasiria waliopokewa kwa mgao wa wakimbizi, na leo Kiarabu ni miongoni mwa lugha za kigeni zenye wasemaji wengi zaidi katika nchi hiyo ya watu wapatao milioni 5.6. Walio wengi walifika wakiwa watu wazima, wenye ufundi na biashara zao, wenye vyeti vyao na watoto wao, na wote walikutana na kazi ileile ya kujifunza lugha ambayo hawakuwahi kuisikia hata redioni.

Ukiuliza kwa nini Kifini ni kigumu, jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba kina maumbo 15 ya uhusika, maana yake nomino moja hubadilisha mkia wake mara 15 kulingana na kazi yake katika sentensi. Jibu hilo si la uongo, lakini halimsaidii Mwarabu, kwa sababu hakuna lugha iliyo ngumu kwa watu wote kwa namna moja, na ugumu hutegemea mtu anatoka katika lugha gani. Taasisi inayowafundisha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba msemaji wa Kiingereza anahitaji takriban saa 1,100 za darasani ili akimudu Kifini, na takriban saa 2,200 ili akimudu Kiarabu. Mtu anayetoka kwenye Kiarabu kwenda kwenye Kifini hayumo katika hesabu hiyo. Yeye ana njia yake, na katika njia hiyo kuna miteremko ambayo watu hawaisemi na vilima ambavyo hawaviangalii.

Tuanze na sikio. Katika Kifini urefu wa sauti hubadilisha maana, uwe urefu wa irabu au wa konsonanti. Tuli ni moto, tuuli ni upepo, na tulli ni forodha. Anayesema tapaan sinut huomenna amesema kwamba atakutana nawe kesho, lakini akiifupisha irabu moja tu na kusema tapan sinut huomenna, amesema kwamba kesho atakuua. Wageni wengi kutoka lugha za Ulaya hutumia miezi kadhaa kabla ya kuisikia tofauti hiyo, achilia mbali kuitamka. Mwarabu huja nayo kutoka kwao. Kwake kataba ni aliandika, kaataba ni aliandikiana na mtu, na kattaba ni alimfanya mwingine aandike, na tofauti kati ya maneno hayo matatu ni urefu mtupu. Msomaji aliyewahi kukaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani, awe Lamu au Unguja, anakumbuka shadda na madda, na anakumbuka jinsi mwalimu alivyomrudisha nyuma kwa sababu ameivuta sauti kwa kipimo pungufu. Mwarabu aliyelelewa katika kisomo hicho, na hata yule asiyekijua, kwa kuwa lugha ya nyumbani mwake yenyewe hupima urefu, huingia darasa la Kifini akiwa ameshapata jambo ambalo mwenzake kutoka Uhispania atalihangaikia kwa muda mrefu.

Urefu wa irabu, hata hivyo, ni jambo moja, na irabu yenyewe ni jambo jingine. Kiarabu fasaha kina irabu tatu, a, i na u, fupi na ndefu. Kifini kina nane: a, e, i, o, u, y, ä na ö. Mwarabu wa Baghdad au wa Damascus ana nafuu kidogo, kwa kuwa lahaja yake hulitamka neno bayt, nyumba, kama beet, na yawm, siku, kama yoom, hivyo e na o si ngeni kwake. Tatizo linabaki katika zile tatu za mwisho. Chukua neno pöytä, yaani meza, ambalo mwanafunzi hufundishwa pengine katika wiki ya kwanza. Lina herufi tano. P haipo katika Kiarabu fasaha, na wengi huitamka b. Ö haipo, na huelekea kuwa o au u. Y, ambayo hutamkwa kwa kuikaza midomo kama ya u huku ulimi ukiwa umekaa mahali pa i, haipo, na huangukia i au u. Ä, a inayotamkwa mbele ya kinywa, huchanganyika na a ya kawaida. Katika neno zima t peke yake ndiyo iliyo salama. Mwanafunzi anaionyesha meza iliyo mbele yake, anasema kitu kinachokaribia bouta, na mwalimu, ambaye amelizoea sikio la darasa lake, anamwelewa. Muuza samani hatamwelewa.

Inafaa kuongeza kwamba si wote wanaotoka nchi za Kiarabu walio sawa katika hili. Lahaja ya Iraki ina p katika maneno yaliyotoka Uajemi na kwingineko, kwa hiyo Mwiraki huivuka p kwa wepesi kuliko Mmisri. Na wengi waliotoka Iraki ni Wakurdi, ambao lugha yao ya mama si Kiarabu kabisa na ina mfumo wake wa irabu. Mwalimu anayewaita wote Waarabu na kuwapa zoezi moja la matamshi anawapotezea muda baadhi yao.

Kisha kuna jicho, na hapa naona ndipo penye kilima kikubwa kinachosahauliwa zaidi. Mwandiko wa Kiarabu wa kila siku, wa gazeti na wa ujumbe wa simu, hauandiki irabu fupi. Fataha, kasra na dhuma huwekwa katika Kurani, katika vitabu vya watoto na mahali penye utata, lakini mtu mzima husoma konsonanti na kuzijaza irabu mwenyewe kwa kulijua neno na muktadha wake. Herufi k, t na b zikiwa pamoja zinaweza kuwa kataba, aliandika, kutiba, iliandikwa, au kutub, vitabu, na msomaji hasiti, kwa sababu sentensi humwambia ni lipi. Jicho lake limefundwa kwa miaka mingi kushika konsonanti kwanza. Mwaka 1991 watafiti Ann Ryan na Paul Meara waliwaonyesha Waarabu waliokuwa wakijifunza Kiingereza maneno ambayo mengine yalikuwa yameondolewa irabu moja, wakaona kwamba walikosa kuugundua upungufu huo mara nyingi zaidi kuliko wanafunzi wa lugha nyingine. Hawakuwa wasomaji wabaya. Walikuwa wakisoma kwa ufundi ulioifaa lugha yao.

Sasa mpe msomaji huyo Kifini, ambamo irabu ni nyingi na kila moja ina kazi yake. Tuli ni moto, tuoli ni kiti, tuuli ni upepo, tyyli ni mtindo, na mifupa ya maneno hayo yote manne ni t na l. Jicho linaloshika konsonanti na kukisia yaliyobaki litaona neno moja pale palipo na manne. Wema wa Kifini ni kwamba herufi moja hubeba sauti moja, karibu bila ubaguzi, kama ilivyo katika Kiswahili, hivyo anayejifunza kulisoma neno lote kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka, hatadanganywa na tahajia. Ndiyo maana kusoma kwa sauti, jambo ambalo baadhi ya walimu wa kisasa hulidharau, kuna faida ya pekee kwa Mwarabu, kwa kuwa ulimi hulilazimisha jicho kupita kwenye kila irabu.

Tukifika kwenye muundo wa maneno, mambo hubadilika kwa namna ambayo sikuitarajia nilipoanza kuyafuatilia. Mwarabu huambiwa kwamba Kifini hakifanani na chochote anachokijua. Hebu tuangalie neno moja tu, kirja, kitabu. Kutoka humo Kifini hutoa kirje, barua, kirjain, herufi, kirjoittaa, kuandika, kirjailija, mwandishi, na kirjasto, maktaba. Mwarabu anayeyaona maneno haya yakiandikwa ubaoni pamoja ana haki ya kutabasamu, kwa maana ndivyo lugha yake inavyokwenda: kitaab, kataba, kaatib, maktab, maktaba. Sisi wenyewe tumeazima nusu ya ukoo huo, tukapata kitabu, katibu, katiba na maktaba. Tofauti ni kwamba Kiarabu huipika mizizi kutoka ndani, kwa kubadilisha irabu na kuongeza herufi kwa kanuni, ilhali Kifini huunga mikia. Lakini tabia ya akili ni moja, nayo ni kuutafuta ukoo wa neno kabla ya kulikariri peke yake. Mwalimu anayeliona hilo humpunguzia mwanafunzi wake mamia ya maneno ya kukariri.

Mifano mingine iko karibu na hapo. Kitabu changu kwa Kiarabu ni kitaabii, na kwa Kifini ni kirjani, kiambishi cha umiliki kikiwa kimenata mwishoni mwa nomino katika lugha zote mbili. Kifini hakina kitenzi cha kumiliki, bali husema minulla on kirja, kwangu kuna kitabu, na Kiarabu husema ʿindii kitaab, kwangu kitabu. Ukanushaji wa Kifini huwashangaza Wazungu wengi, kwa kuwa neno la kukanusha lenyewe hubadilika kwa nafsi: en, et, ei, emme, ette, eivät. Aliyesoma Kiarabu fasaha anajua lastu, lasta, laysa, mimi si, wewe si, yeye si, ambamo neno la kukanusha hubadilika vivyo hivyo, na Mswahili anayesema siendi, huendi, haendi hataona ajabu yoyote. Hata ile hali ya neno kubadilika tumbo, kama kauppa, duka, linavyogeuka kaupassa, dukani, haiwezi kumtisha mtu ambaye kwake wingi wa kitaab ni kutub.

Panapomwia vigumu ni mahali pengine. Kiarabu hakihitaji kitenzi cha kuwa katika wakati uliopo, kwa hiyo kwa muda mrefu Mwarabu husema minä opettaja, mimi mwalimu, badala ya minä olen opettaja. Kasoro hiyo ni ndogo na huondoka. Isiyoondoka upesi ni ya mahali. Kifini hutofautisha kuwa ndani, kutoka ndani na kuingia ndani, talossa, talosta, taloon, na hufanya hivyo tena kwa juu ya kitu, pöydällä, pöydältä, pöydälle. Mikia yenyewe hukaririwa kwa wiki chache, na Mwarabu ana vihusishi fii, min na ilaa vinavyofanya kazi iliyo karibu na hiyo. Shida ni kwamba Kifini huuona mwendo mahali ambapo lugha nyingine haziuoni. Mfini hanunui mkate dukani. Huununua kutoka dukani, kaupasta. Hasahau kitabu nyumbani. Hukisahau kwenda nyumbani, kotiin. Funguo aliyoiokota barabarani ameiokota kutoka barabarani, kadulta. Hapo kukariri jedwali hakusaidii tena. Kinachotakiwa ni kuzoea kuuona ulimwengu kwa jicho hilo, na mazoea hayo hayaji bila kuongea na watu.

Jingine ni umbo linaloitwa partitiivi, ambalo huonyesha kwamba tendo halijakamilika au kwamba kitu kimeguswa kwa sehemu tu. Luin kirjan ni nilikisoma kitabu chote. Luin kirjaa ni nilikuwa nikisoma kitabu, na kama nilikimaliza au la, sikusema. Mwarabu hubeba taarifa hiyo katika kitenzi au huiacha, na kuihamishia kwenye mkia wa nomino humchukua miaka. Wapo waliofaulu mitihani na kupata uraia wakiwa bado wanaikosea, na maisha yao hayajaharibika kwa hilo.

Jambo linalowakatisha tamaa watu wengi zaidi, kwa ninavyoona, ni kugundua kwamba wamefundishwa lugha moja na wamekuja kuishi katika nyingine. Darasani mtu hujifunza minä olen, mimi ni. Kituoni mwa basi husikia mä oon. Amejifunza onko sinulla aikaa, una nafasi, lakini jirani humwuliza onks sul aikaa. Ishirini na tano ni kaksikymmentäviisi kitabuni, na kakskytviis kinywani mwa muuzaji. Barua kutoka Kela, taasisi ya hifadhi ya jamii, huja kwa Kifini cha kitabuni, na mfanyakazi wa Kela akipiga simu huongea cha mtaani. Wageni wengi huhisi wamedanganywa. Mwarabu angepaswa kuwa wa mwisho kushangaa, kwa kuwa yeye amelelewa hivyohivyo: Kiarabu fasaha cha shuleni, msikitini na kwenye taarifa ya habari, na Kiarabu cha nyumbani ambacho hakiandikwi vitabuni. Charles Ferguson alipoieleza hali hiyo ya lugha yenye tabaka mbili mwaka 1959, Kiarabu kilikuwa miongoni mwa mifano yake minne mikuu. Mwanafunzi akielezwa mapema kwamba kirjakieli ni fasaha yao na puhekieli ni lugha yao ya nyumbani, analielewa jambo hilo kwa dakika moja. Asipoelezwa, huenda akapoteza mwaka mzima akidhani masikio yake ndiyo mabovu. Naamini kulichelewesha somo la lugha ya mazungumzo hadi mwanafunzi aimudu sarufi ni kosa kwa wanafunzi wote, na kwa Waarabu ni kosa lisilo na sababu.

Utaratibu wenyewe wa kujifunza umewekwa na sheria. Mhamiaji asiye na kazi hufanyiwa mpango wa kuzoea nchi, kotoutumissuunnitelma, neno refu ambalo limezaliwa na koti, nyumbani. Katika mpango huo huingia kozi ya lugha ya mchana, ambayo kwa kawaida huchukua karibu mwaka mmoja na huwa na vipindi vya kujifunza kazi katika duka, jiko la shule au nyumba ya wazee. Lengo lililowekwa ni ngazi ya B1.1, yaani mwanzo wa ngazi ya kati, katika mizani ya lugha ya Ulaya, na wengi humaliza kozi wakiwa chini ya hapo. Tangu Januari 2025 manispaa ndizo zenye sehemu kubwa zaidi ya wajibu huo. Anayetaka uraia hufanya mtihani wa taifa uitwao YKI na kufikia ngazi ya 3 kati ya 6, na tangu Oktoba 2024 muda wa kawaida wa kuishi nchini kabla ya kuomba uraia umeongezwa kutoka miaka 5 hadi 8.

Ndani ya utaratibu huo mmoja huingia watu wasiofanana kabisa. Yupo aliyesoma chuo kikuu, ambaye amechambua sentensi za Kiarabu tangu utotoni na ambaye ukimtajia uhusika anajua unazungumzia nini. Yupo pia ambaye vita au umaskini vilimnyima shule, na sasa, akiwa na miaka 40, anajifunza kushika kalamu na kuunga herufi kwa mara ya kwanza, tena katika lugha ambayo maneno yake hayaelewi. Mtoto anayejifunza kusoma hukutana ukurasani na maneno anayoyajua mdomoni. Mtu huyu hana hata hayo. Elimu ya msingi ya watu wazima Ufini imekuwa na hatua maalumu ya kusoma na kuandika tangu 2018, na ni haki yake kupewa muda mrefu kuliko wengine bila kuhesabiwa kuwa mvivu. Wapo pia akina mama ambao hubaki nyumbani na watoto wadogo miaka mitatu au mitano, na huanza kozi wakati waume zao wameshamaliza na watoto wao wameshaanza kuwasahihisha matamshi.

Hilo la kusahihishwa na mtoto lina uzito wake. Baba aliyekuwa msemaji wa ukoo, ambaye neno lake liliheshimiwa kwa namna alivyolipanga, anajikuta akiongea kama mtoto wa miaka miwili mbele ya wanawe. Akikosea, hucheka pamoja nao siku ya kwanza. Siku ya kumi hunyamaza. Anayenyamaza hafanyi makosa, na lugha pia haimwingii. Upande wa pili, Mfini anayemwona mgeni akihangaika humhurumia na kuhamia Kiingereza, kwa nia njema kabisa, na mazungumzo ambayo yangekuwa somo la bure yanaishia hapo. Wanafunzi waliokaa muda huwa na sentensi yao ya kujikinga, puhutaan suomea, tuongee Kifini, na walimu wengi huifundisha mapema. Maktaba nyingi huwa na baraza za mazungumzo ambako wenyeji hujitolea kukaa na wageni na kuongea polepole, na shirika la utangazaji la Yle husoma taarifa ya habari kwa Kifini chepesi, ambayo mtu anaweza kuisikiliza akiwa jikoni.

Lakini mahali penye nguvu kuliko yote hayo ni kazini, tena si wakati wa kazi yenyewe bali wakati wa mapumziko ya kahawa, kahvitauko, ambayo katika sekta nyingi imeandikwa katika mikataba ya wafanyakazi. Neno kahvi ni qahwa ya Kiarabu iliyozunguka kupitia Uturuki na Ulaya hadi kaskazini, kama kahawa yetu ilivyokuja kwa njia yake. Watu sita wamekaa mezani, wanaongea kuhusu theluji, bei ya umeme, gari lililokataa kuwaka asubuhi. Hawaongei sana, na ukimya wao, ambao mwanzoni Mwarabu huuona kama kinyongo, kwao si ubaya. Wiki za kwanza anasikia mä en tiiä, mä en tiiä, bila kuelewa, kisha siku moja anagundua kwamba ni minä en tiedä, sijui, ile aliyoiandika ubaoni mara mia. Mwenzake anamwuliza kitu kuhusu zamu ya kesho, naye anajibu mä en tiiä, na hakuna anayegeuka kumtazama.